Hatua Tano za Mwisho

Mchezo wetu ni kurusha kisahani cha plastiki kati ya mikorosho mpaka kiingie kwenye tenga tulilotundika mtini. Kwa kurusha mbali, Nandagala nzima hakuna wa kunifikia. Hatua tano za mwisho ndizo zinazonishinda. Hiyo ilikuwa kazi ya kaka yangu. Mimi narusha, yeye anamalizia, na kwa ukaidi wetu hakuna aliyekubali kujifunza kazi ya mwenzake. Mwaka jana alioa Nachingwea akahamia ukweni, kama ilivyo desturi yetu. Juzi nilifyeka peke yangu chini ya mikorosho, ili korosho zidondokee mahali safi. Uwanja haujawahi kupendeza hivi. Jana nilirusha, nikakifuata kisahani, nikakiokota karibu na tenga. Kisha nikanyoosha mkono pembeni, nimpe akimalizie.