Siku Niliyomsomea Mheshimiwa Ahadi Zake

"Adeer, ahadi hii uliisikia kwa nani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa mbele ya chifu, imamu, wazee, walimu, akina mama wa soko na mama yangu mzazi, na mimi, Hodan, mwenye shahada ya sayansi ya siasa, mimi ambaye hata daktari akinishika mkono wa kushoto namuuliza kwa nini si wa kulia, nilijibu kwa kunyoosha mkono, nikajinasa mwenyewe. Nawaeleza leo kwa sababu aibu ikikaa sana tumboni inaota mizizi, na pia kwa sababu Garissa nzima ilishacheka, kwa hiyo nyinyi mtakuwa mnamalizia makombo tu.

Aliyeuliza ni mwakilishi wa wadi yetu. Nitamwita Mheshimiwa, maana nadhani hata yeye amesahau jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mwaka wa tatu madarakani, na kazi aliyoifanya kwa uhakika kabisa ilikuwa kunenepa. Kwenye bunge la kaunti hakuna aliyewahi kumsikia akifungua kinywa isipokuwa kupiga miayo. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na cheti changu, sina kazi, nina bando la intaneti na hasira, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko simba.

Kilichonichokoza ni Mama Kanini. Huyu ni mama wa Kikamba aliyeuza nyanya na vitunguu mjini kwetu tangu sijaanza shule, kwenye kibaraza cha duka moja kando ya barabara, mahali penye kivuli kizuri mpaka mbuzi walikuwa wanapagombania. Wakati wa kampeni kaunti ilitaka kuwahamishia akina mama wa mboga kwenye kiwanja kitupu nyuma ya soko. Walikataa. Kisha Mheshimiwa akaja na mkutano wake, akaahidi kiwanja kitaezekwa mabati kabla ya mvua, Mama Kanini akaamini, akawashawishi wenzake, wakahama. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja tena. Mabati hakuna. Na jua la Garissa mnalijua: saa tano nyanya inaanza kutoa jasho, saa saba ni mchuzi. Mwenye duka alikuwa bado hajampa mtu kile kibaraza, ila alisema hawezi kungoja tena. Chifu akaitisha mkutano, Mheshimiwa aje, ijulikane: mabati yanakuja, au akina mama warudi barabarani?

"Hodan wangu," Mama Kanini akaniambia, "wewe umesoma. Simama utusemee. Mimi nikikasirika Kiswahili kinanikimbia."

Nikasema sawa. Na hapo, badala ya kuuliza swali moja la mabati nikakaa chini, nikaamua kufanya utafiti. (Chuo kikuu kiliniharibu.) Nitakusanya ahadi zote za kampeni, niziweke upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili niandike kilichofanyika. Lakini nikawaza: nikiwauliza watu wa ukoo wake watamtetea, nikiwauliza wa ukoo mwingine watamchafua, na nikimuuliza mtu yeyote wa kwetu kwanza ataniuliza mimi ni wa nani. Nahitaji watu wasio na upande. Basi nikawauliza watu wa bara peke yao, wasio Wasomali: walimu, manesi, fundi wa pikipiki kutoka Meru, Mama Kanini na wenzake. Nilijiona nina akili, wallahi. Nilitamani mhadhiri wangu angeniona.

Na walikubaliana ajabu! Kila niliyemuuliza alitaja mambo yaleyale, karibu kwa maneno yaleyale. Ahadi kumi na moja. Mabati sokoni, maji ya mfereji, gari la wagonjwa, maktaba yenye kompyuta, mpaka uwanja wa mpira wenye nyasi (nyasi, Garissa, ambako ng'ombe wenyewe wanaziona kwenye kalenda). Nikakodi tuktuk nikazunguka na simu kupiga picha. Maktaba: kiwanja chenye jiwe la msingi, na juu ya jiwe amelala mbuzi. Gari la wagonjwa: halionekani. Choo cha soko: kipo, kina maji, na kibao chenye jina la Mheshimiwa ni kikubwa kuliko mlango. Taa ya sola: ipo, moja, na kwa bahati iliyoje imeangukia karibu na lango lake.

Siku ya mkutano nilivaa buibui mpya. Hooyo, mama yangu, alikuwa amekaa upande wa wanawake, na aliponiona na karatasi akaanza kuvuta tasbihi kwa kasi.

"Hodan, utauliza kitu kimoja tu, sawa?"

"Kimoja tu, Hooyo."

Nikasimama nikasoma kumi na moja. Nilisoma kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili watu wa bara wasiachwe, na kila nikifika kwenye ahadi isiyotimizwa nilitua kidogo halafu nikasema "hakuna" kama hakimu. Fundi wa Meru alikuwa anapiga mluzi. Mama Kanini, mstari wa mbele, alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kaswida. Kitu cha ajabu ni kwamba wazee wetu hawakushangilia, walitazamana tu. Hilo lingenistua, lakini mtu aliyeshika kipaza sauti hasomi nyuso.

Mheshimiwa akainuka polepole, akakishika kipaza sauti kwa vidole viwili.

"Mimi Kiswahili yangu kidogo sana, ya kununua mbuzi tu," akasema, watu wakacheka. "Mtanisamehe. Bole bole," yaani polepole. Halafu akanigeukia, akaongea Kisomali kwa sauti ya upole, akaniita adeer kama vile mimi ni mtoto wa ndugu yake. "Adeer, ahadi hii ya mabati uliisikia kwa nani?"

"Watu wote waliisikia!"

"Watu gani?"

Nikawaonyesha kwa mkono. Walimu. Manesi. Fundi. Mama Kanini. Na nilipokuwa nauzungusha huo mkono, nikaushusha katikati ya njia.

Maana yupo msichana fulani, na sina budi kumtaja. Wakati wa kampeni alikuwa likizo kutoka chuo, abti wake (kaka ya mama) akamwambia, "Njoo utufasirie, kuna watu wa bara wengi." Malipo: soda na kupanda gari la mbele. Msichana huyo akapanda jukwaani siku ile, Mheshimiwa akawa anahutubia Kisomali, naye anageuza kwa Kiswahili. Sasa hotuba za kwetu si mchezo. Mtu anaanza na Mungu, anapitia kwa babu yake, anaeleza ngamia aliyepotea na waliomtafuta, na ahadi yenyewe, kama ipo, imefungwa katikati kama chumvi kwenye kanga ya mwanamke. Watu wa bara walikuwa wanasinzia. Nani atapigia makofi ngamia aliyepotea? Kwa hiyo msichana akafupisha. Aliposikia "jua" na "wafanyabiashara" akasema mabati. Makofi! Mama Kanini akapiga vigelegele. Jamani, makofi ni kitu kibaya. Ukiyaonja mara moja unayatafuta tena.

Msichana huyo aliniangalia kila asubuhi kwenye kioo kwa miaka mitatu na hakuwahi kunikumbusha. Au alinikumbusha nami nikajibu, "Ah, nilitafsiri tu."

Mheshimiwa hakunitaja jina. Alimpungia mkono msaidizi wake, simu ikachomekwa kwenye spika, na video ya mkutano ule ikaanza palepale panapotakiwa, haikusogezwa mbele wala nyuma. (Mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji hilo.) Ikasikika sauti yake, kwa Kisomali, nzito, ya heshima: "Na hawa mama zetu wanaopigwa na jua, Mungu akitujalia uhai, tutakaa nao siku moja tulitazame jambo lao, kwa sababu aliyepotelewa na ngamia hatafutiwi na aliyelala."

Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye furaha, iliyoshiba soda:

"Mheshimiwa anasema atawaezekea kiwanja chote kwa mabati, kabla ya mvua, na maji ya mfereji, na hii si maneno, hii ni ahadi!"

Halafu wazee wakaanza. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikaanguka, akawa anajipiga paja, "Naa, Hodan! Ulitujengea mpaka uwanja wa mpira!" Video ikaendelea. Gari la wagonjwa: mimi. Maktaba: yeye alisema vijana wasome, kompyuta nilileta mimi. Nyasi, sina la kusema kuhusu nyasi. Kati ya ahadi kumi na moja, nane zilikuwa zangu. Na tatu alizotamka kwa kinywa chake zilikuwa choo cha soko, taa moja ya sola (moja, alisema moja), na kuwatembelea wagonjwa wakati wa Idi. Zote tatu alikuwa amezitimiza. Kwa mujibu wa utafiti wangu mwenyewe, uliofanywa kwa gharama yangu ya tuktuk, huyu alikuwa kiongozi mwaminifu kuliko wote kusini mwa Jangwa la Sahara.

"Mimi simlaumu," akasema, mkono kifuani. "Ni mtoto wetu. Kiswahili mimi sikuelewa alikuwa anasema nini."

Hooyo alikuwa amejifunika uso mzima kwa shungi. Lakini aibu ya Hooyo nilikuwa nimeizoea. Niliyeshindwa kumtazama ni Mama Kanini. Alisimama, akajifunga leso upya, akanijia mpaka karibu.

"Kwa hivyo hayo mabati ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Si yeye?"

"Si yeye."

Akafikiri kidogo. "Basi mheshimiwa wangu ni wewe. Nijengee."

Watu wakaangua kicheko kingine, lakini yeye hakuwa anatania. Chifu akafunga mkutano: kwa kuwa hakuna aliyeahidi chochote, hakuna kilichovunjwa, akina mama wabaki kiwanjani. Wiki ile ile kibaraza kikapewa mtu wa simu na chaja. Mimi ndiye niliyempokonya Mama Kanini kivuli, mara ya kwanza kwa kusema sana na mara ya pili kwa kusema tena.

Mji ukanipa cheo. Nikipita, "Mheshimiwa Hodan, gari la wagonjwa lini?" Muuza maziwa ya ngamia akaniomba daraja. Niliomba miti kwa abti (alikuwa anadaiwa, yeye ndiye aliyenipandisha jukwaani), nikamlilia ayeeyo, nyanya yangu, akanipa mikeka ya nyumba yake ya zamani ya kuhamahama, nikachimba mashimo manne kwa mikono hii laini ya chuo, na kivuli kikasimama, kimeinama kidogo upande wa Wajir lakini kimesimama. Kinatosha meza mbili. Wenzake sita bado wako juani, na hilo silisemi kwa mzaha. Mama Kanini huwaambia wateja, "Hili ni paa la Hodan. La serikali bado liko kwenye tafsiri."

Niliapa. Sitapanda tena jukwaani kutia maneno kinywani mwa mtu anayetafuta kura, hata nikipewa kreti nzima ya soda. Siku hizi nafasiri kwenye kliniki moja ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, daktari akisema kidonge kimoja nasema kimoja, mgonjwa akianza habari za ngamia wake naufasiri ukoo mzima wa ngamia, na daktari angoje.

Ni huko kliniki, juzi juzi tu, wakati wa chai, nesi mmoja ninayefanya naye kazi, aliyekulia Mandera, aliona picha ya Mheshimiwa kwenye simu yangu akatabasamu.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Alinifundisha huko Kutulo, kabla hajarudi kwenu," akasema. "Miaka sita alikuwa mwalimu wa Kiswahili."