Dada Alisoma Mwisho Ambao Haumo Kitabuni

Nilijua nakufa siku dada yangu alipokosea jina la rubani.

Rubani mwenyewe ni wa kutunga. Msicheke kwanza.

Mimi ni Verlyn, naishi Duluth, Minnesota, nina uvimbe kichwani na umeshaniharibu macho. Herufi naziona kama sisimizi wanaohama. Kwa hiyo dada yangu Marlys ndiye ananisomea.

Kuna muvi ya chombo cha angani tulishaiona pamoja nikiwa bado naona vizuri. Watu wanapotea angani, hewa inawaishia, mwishoni rubani anateremsha chombo ufukweni na mkewe anamkimbilia. Marlys alilia mpaka watu wakageuka kututazama.

Baadaye akaninunulia kitabu ambacho muvi hiyo ilitolewa humo. Jaladani wameweka picha ileile ya muvi, chombo kiko ufukweni.

"Sasa Marlys, si mwisho tunaujua?"

"Nyamaza, mgonjwa. Kitabu huwa kitamu zaidi."

Kitabuni rubani ni mwanamke, anaitwa Odile. Kwenye muvi walimgeuza mwanamume, wakamwita Brandt. Mimi nilimpenda Odile, maana alikuwa na mdomo kama wa dada.

Wiki hiyo tulikuwa tunasubiri majibu ya kipimo, kujua kama dawa inafanya kazi. Daktari alipopiga simu nilikuwa chooni natapika. Marlys akapokea, ruhusa ya kuambiwa majibu yangu anayo.

Nikatoka. "Anasemaje?"

"Uvimbe umesinyaa!" Akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. "Ziwa likiganda tunaenda kuvua samaki juu ya barafu, we subiri tu."

Jamani, nilifurahi! Supu ya mchele mwitu wa huku kwetu nilimaliza bakuli zima.

Alasiri akakaa animalizie kitabu. Nilikipapasa, zimebaki karatasi chache tu. Akasoma, akasita, akakohoa. Kisha akaendelea. Akaendelea tena. Chai yangu ikapoa na karatasi haigeuzwi.

"...Brandt akafungua mlango, akaona ufukwe, na mkewe..."



"Brandt katoka wapi?"

Akajifanya anatafuta mstari.

"Marlys. Odile yuko wapi?"

"Nimechanganya tu. Usianze, Verlyn."

"Kitabuni wanarudi nyumbani?"

Akafunga kitabu. "Hawarudi. Hakuna anayerudi."

Hapo ndipo nikauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na daktari alisemaje kweli?"

Akateremka sakafuni, akalaza kichwa magotini kwangu. Hakulia kama siku ile ya muvi. Alilia bila sauti, mabega tu yanaruka.

Dawa haikufanya kitu. Uvimbe umeongezeka, na hakuna dawa nyingine ya kujaribu.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

"Haya, mwongo wewe. Nisomee mwisho wenyewe."

"Unasikitisha mno."

"Nisomee hivyohivyo."

Akasoma. Odile anazima taa za chombo mojamoja, anawaaga wenzake kwa majina, basi. Hakuna ufukwe. Tulikaa tumeshikana mikono mpaka giza likaingia.

Ziwa bado halijaganda, na sidhani kama nitaliona likiganda.

Ukiwa na mgonjwa, usimfiche habari zake. Ni zake. Mimi furaha ile ya uongo niliila na supu, na kuirudisha kuliniuma kuliko ugonjwa.

Haya yote nayasema mimi, Marlys ndiye anachapa.

Marlys, hapa mwishoni usiongeze kitu.