Sahani Mpaka Ilie

Mimi ni mtu wa ndani. Wafanyakazi wenzangu wa nyumbani wa Malaz, Riyadh, wakipata Ijumaa ya kupumzika hukimbilia maduka ya Sulimaniyah. Mimi huosha nywele, nikalala. Dereva wa nyumba yetu, Mkenya mwenzangu, husema kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi, wangeandika tu: makazi, jikoni. Ndiyo maana alicheka mpaka akaegemea gari aliposikia kwamba mimi, mimi huyu, nafungua kambi ya watoto.

"Kambi? Wewe? Dada, hata ukitumwa getini unabeba sweta na maji ya kunywa!"

Ni mdomo wangu ulioniponza. Kila kiangazi huwa tunahamia Jeddah, kwenye jumba la nyanya wa watoto huko Al-Hamra. Wasichana wetu wawili, mmoja wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka saba, walikuwa wameandikishwa kambi ya kisasa ndani ya mol moja ya maduka: viyoyozi, roboti, na picha kwenye simu ya madam, mama yao, kila nusu saa ili ajue mtoto bado anapumua. Siku mbili kabla ya kuanza, ukaja ujumbe kwamba kambi imeahirishwa. Mkubwa akalia. Mdogo naye akalia kwa sababu mkubwa analia. Mimi, nikitaka tu amani nimalize vyombo, nikasema, "Hiyo nayo ni kambi? Sisi ndio tulienda kambi."

Wakanyamaza wote wawili. Ikabidi niendelee.

Nikawaambia kuhusu likizo za Agosti, kanisa letu lilipotukusanya watoto wote kwenye shule ya msingi, wiki nzima, tukilala juu ya nyasi kavu zilizotandikwa darasani. Kila mtoto alikuja na blanketi, kikombe, sahani ya enameli na mfuko wa mahindi na maharagwe. Uji ulinuka moshi. Mtoni maji yalikuwa baridi hivi kwamba tuliosha uso na miguu, tukaapa kwamba tumeoga. Hakuna mzazi aliyepigiwa simu, kwani simu ilikuwa wapi? Mama yangu alijua niko hai kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia vingine.

Sikuwaambia kwamba siku ya kwanza nililia hadi kamasi zikaingia kwenye githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Hayo hayakuwahusu.

Ila niliwaambia habari ya sahani. Baada ya kula, kila mtu aliosha sahani yake kwa jivu, kisha tukapanga mstari mbele ya mpishi wa kambi, mama mnene asiyejua kutabasamu. Alipitisha kidole kwenye sahani. Ikilia, kwii, umepita. Ikinyamaza, anasema neno moja tu: "Rudia." Mimi nilirudia mara nne siku moja, nikapachikwa jina la Mama Rudia mpaka tukarudi nyumbani. Siku nyingine mama mchungaji mwenyewe alipanga mstari na kitambaa chake kizuri cha kichwa. Kidole kikapita. Kimya. "Rudia." Na mama mchungaji akarudi kwenye karai, akainama kama sisi. Sijawahi kuipenda dunia kama nilivyoipenda asubuhi ile.

"Tunataka hiyo," akasema mdogo.

Madam, aliyebaki Riyadh kwa sababu ya kazi, alikubali kwa simu. Siku tano. Lakini mama yake akilalamika hata mara moja, mimi na wasichana tunarudi Malaz, wakae na tableti zao. Halas, basi. Mama yake huyo sote tunamwita Mama Kabira, mama mkubwa, na kulalamika ndiyo kazi anayoiweza hata akiwa usingizini. Nilizitaka siku hizo tano kuliko wasichana wenyewe, ila niliwaachia wao ndio wachekelee.

Tulianza kila asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Shuka mbili juu ya kamba ya nguo zikawa hema. Tuliongea Kiarabu kama siku zote, ila "Rudia" ilibaki ya Kiswahili. Dereva akaninunulia filimbi, akaniambia, "Yalla, haya twende, kamanda." Stoo nikapata sahani za enameli za zamani, nyeupe zenye mstari wa bluu, hakuna aliyekuwa akizitumia. Shida ikawa jivu. Jumba zima lina marumaru, lina dhahabu kwenye bomba, lakini jivu mafi, hakuna. Nikatafuta mpaka nikalipata kwenye chetezo cha Mama Kabira cha kufukizia udi. Nikakomba. Kwa siku tatu vyombo vyetu vilinukia kama bibi harusi.

Siku ya nne, Mama Kabira akatoka uani kutafuta nani anakula jivu lake.

Tafadhali nione alivyoniona yeye. Wajukuu zake wamechuchumaa kwenye karai, mikono imejaa jivu, wanasugua sahani. Mfanyakazi wa nyumba amekaa kwenye kiti, miguu juu ya ndoo, filimbi mdomoni.

Filimbi ikaanguka. Kule getini dereva akageuza uso, akaanza kupangusa kioo cha gari kilichokuwa kisafi.

"Nani anafanya kazi katika nyumba hii?" akauliza Mama Kabira.

Mkubwa akamjibu kabla yangu, mbio mbio, habari yote: kambi, kidole, hata mama mchungaji. Mama Kabira akainama. Aliokota sahani moja, akaigeuza chini juu.

"Hizi nililetewa nilipoolewa," akasema. "Niliziosha mwenyewe. Hakukuwa na mtu." Akakunja mikono ya gauni lake, akaketi kwenye kigoda, akaichovya sahani ndani ya karai. Alisugua akihema. Kisha akaja mbele yangu, akaninyooshea.

Nikapitisha kidole. Kimya. Ukingoni kulikuwa na samli.

Hapo nikaiona barabara yote ya kurudi Riyadh. Ningesema tu imepita, nani angejua? Lakini wasichana walikuwa wanakitazama kidole changu bila kupepesa, na mdogo alikuwa amerudia mara tatu asubuhi hiyo bila kulia.

"Rudia, Mama Kabira," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

Akaichukua sahani yake. "Mara ngapi?"

"Mpaka ilie."

Akarudi kwenye karai. Mdogo akasogea, akamwonyesha pa kushika. Mara ya pili ikanyamaza. Mara ya tatu, kwii! Wasichana wakaruka, na dereva akapiga honi bila ruhusa.

Siku ya tano Mama Kabira alikuwa wa kwanza mstarini, sahani yake ikilia kabla sijaigusa. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akaweka miguu juu ya ndoo yangu, akanyoosha mkono.

"Na yako?"

Miaka yote hii naishi kwa kuosha vyombo vya watu. Nikampa bila wasiwasi. Kidole chake chenye pete kikapita polepole, kikazunguka ukingo, kikanyamaza.

"Rudia," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.