Sweta ya Kambi ya Shaba

Mume wangu alirudi kutoka kambini amevaa sweta ambayo sikuishona wala kuinunua mimi. Ilikuwa ya sufu nzito, rangi ya udongo, imefumwa kwa mkono. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Ilomba, Mbeya, na najua kwamba mabega ya mume wangu hayalingani. La kushoto limeshuka kidogo. Aliyefuma ile sweta alilijua hilo.

"Umeipata wapi?" nilimuuliza.

"Kambini. Mama mpishi anafuma. Kule baridi siyo mchezo."

Akaendelea kula. Mimi sikula.

Wakati huo alikuwa ameajiriwa na watu waliokuwa wakitafuta shaba milimani, upande wa Mufindi, ndani ya msitu ambako hakuna kijiji wala barabara ya gari. Alisaidia kwenye mashine ya kuchoronga, yaani kutoboa miamba. Alikuwa akikaa huko wiki nyingi, kisha anarudi nyumbani kupumzika kidogo. Mume niliyemzoea alikuwa mtu wa kuitikia tu. Sasa alirudi na simu imejaa picha za mawe yenye michirizi ya kijani, anawaeleza watoto kwamba shaba ikipigwa na maji muda mrefu inakuwa na rangi hiyo. Alipiga mluzi bafuni. Na kila alipofungua mdomo, mama mpishi. "Mama mpishi anajua kusonga ugali." "Mama mpishi ni Mhehe mwenzangu, tunacheka sana."

Ugali wangu mimi Mnyakyusa alikuwa akiula tangu tuoane, bila kusema mgumu wala laini.

Aliporudi kazini nilijitahidi kuvumilia, nikashindwa. Nilifunga kibanda, nikamwomba mama yangu akae na watoto, nikapanda basi bila kumwambia mume wangu. Nilishuka Nyololo, nikachukua bodaboda, tukapita misonobari na mashamba ya chai mpaka njia ikaisha. Kutoka hapo nilipanda kwa miguu nyuma ya wabebaji waliokuwa wakipeleka chakula kambini. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, maana nilitaka yule mwanamke anione nimependeza. Nilipofika vilikuwa matope matupu.

Nilimkuta jikoni, chini ya turubai, amevaa gambuti. Hakuwa mrembo kunishinda, hilo nililipima haraka. Lakini alikuwa na uso wa mtu anayecheka kwa urahisi, na hapo ndipo nilipoumia.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe. Nilipomwambia mimi ni mke wa nani, aliuacha mwiko kwenye sufuria. "Wifi! Karibu, wifi yangu! Vua hivyo viatu, utaugua."

Hilo neno wifi halikuniingia. Nikamwambia, "Sweta uliyomfumia mume wangu imemkaa vizuri. Ulimpimaje?"

Alinitazama, akaelewa. Hakukasirika.

"Sikumpima, wifi. Alinipa shati lake la zamani nikalifuata. Akaniambia, hili kashona mke wangu, hakuna mwingine anayenipatia mabega."

Nilikaa kwenye gogo. Alinipa chai, nikainywa, na nadhani ningerudi Mbeya nimetulia kama mambo yangeishia pale. Lakini nikasikia sauti ya mume wangu ikitoka mtelemkoni. Alikuwa anashuka na wenzake, amebeba sanduku la mawe yaliyochorongwa, anawasimulia kisa fulani, na wale wanaume wanacheka mpaka wanasimama njiani. Sikuwahi kumsikia akisimulia kitu mpaka mwisho. Aliponiona, akanyamaza palepale.

"Watoto wazima?" aliuliza.

"Wazima. Malizia hadithi yako."

"Aa, ilikuwa imeisha."

Haikuwa imeisha. Wote tulijua.

Kabla giza halijaingia alinipeleka kuiona shaba yenyewe. Ilikuwa mstari wa kijani kwenye jabali, upana wake kama kanga iliyokunjwa, unapanda kidogo kisha unapotelea chini ya miti. Alitoa majani yaliyokuwa yameugandia, akaupangusa kwa kiganja taratibu sana.

"Hujawahi kunionyesha kitu hivi," nilisema.

Alijifuta kiganja kwenye suruali. "Nyumbani nikuonyeshe nini, mama watoto? Kiwanja ulitafuta wewe. Mafundi uliwasimamia wewe. Shule ulichagua wewe. Mimi naagizwa mkate."

Hakusema kwa ubaya. Nilirudi nyumbani kesho yake, wivu wangu nikiwa nao vilevile, ila sikuwa tena na mwanamke wa kuutupia. Angekuwepo mwanamke ningejua la kufanya.

Baada ya miezi michache kambi ilifungwa. Alirudi na begi lake, akakaa sebuleni bila kuvua koti.

"Shaba ipo," alisema, "ila ni ndogo. Ule mstari unaishia mbele kidogo tu. Wataalamu wamesema haiwezekani kupasua barabara msitu wote ule kwa shaba ya kiasi kile."

"Pole, baba watoto."

Nikaenda jikoni haraka asione uso wangu. Nilikuwa nimefurahi. Nilitia chumvi kwenye maharage mara mbili kwa furaha.

Lakini aliyerudi nyumbani alikuwa yule wa zamani. Asubuhi alikaa barazani, akatazama barabara. Nilimwuliza tupake ukuta rangi gani, akasema, "Yoyote utakayopenda." Watoto waliomba picha za mawe, akawapa simu, akaenda kulala. Nilikuwa nimempata mwenyewe, sina wa kugombania naye, na nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nafungulia redio asubuhi.

Aliitwa tena na wachorongaji wengine, safari hii Chunya, kwenye dhahabu. Aliniuliza kama aende. Ningesema hapana angebaki, namjua.

"Nenda," nilimwambia.

Sasa hupiga simu jioni. Nyuma yake nasikia watu wakicheka, na kila mara wivu unanirudia. Jana nilitaka kumwambia bati la jikoni linavuja na fundi ameshapatikana. Nikamwuliza kwanza, "Leo mmekuta nini?"

"Ngoja nikueleze," akasema, na alieleza kwa muda mrefu.