Boksi la Katikati

Annet Awor ni binti wa Olweny wa Mukuju, yule aliyepandisha waya wa umeme juu ya kanisa la Nabuyoga siku mafundi wa mjini walipoogopa paa. Mama yake ni Damalie, Msamia wa Busia, aliyeshonea kwaya tatu sare bila kumkosea mtu hata bega. Kwa baba, Awor alipata mikono. Kwa mama alipata futi ya kitambaa ya kupimia nguo, ambayo haimtoki shingoni hata akitengeneza redio. Namjua tangu akibebwa mgongoni.

Mwaka jana tulikusanyika Molo, nje ya Tororo, kwa Auma, kumkumbuka mumewe, Luke Odoi, mpiga zeze. Odoi aliacha wimbo mmoja tu aliorekodi Tororo mjini, uko kwenye flashi. Tangu mazishi Auma hakuthubutu kuusikiliza. Siku hiyo akasema yuko tayari, wajukuu nao waijue sauti ya babu yao.

Arnold, mtoto wake mkubwa, akachomeka flashi kwenye risiva ya marehemu, mashine inayogawia spika sauti. Zeze likalia. Sabufa likanguruma mpaka chai yangu ikamwagika. Sauti ya Odoi, hakuna.

"Ongeza!" watu wakasema. Arnold akaongeza, mabati yakatetemeka. Hakuna.

Nathan, ndugu wa marehemu, akasimama. "Shemeji, zima hii kitu. Ndugu yangu amekataa kusema. Kuna mtu hapa alimkosea."

Watu wakaanza kutazamana. Auma akajifunika uso kwa leso. Mimi nikatuma mtu wa boda aende mbio Mukuju amlete Awor.

"Sasa huyu ndiye ataongea na marehemu?" Nathan akauliza alipomwona.

"Mzee, mimi naongea na risiva. Wewe endelea na marehemu."

Hata waliokasirika walicheka. Awor akaweka kiganja juu ya kila boksi la spika, moja moja, akisikiliza.

"Mama Auma, hii seti ilikuja na maboksi ngapi?"

"Sita."

"Mimi naona tatu: mawili ya mbele na sabufa."

Ikabidi waseme. Baada ya mazishi watoto waligawana kumbukumbu. Mawili ya nyuma alichukua Arnold. Lile dogo la katikati alipewa Mable, binti aliyeolewa Busia upande wa Kenya.

"Iko kwangu juu ya kabati," Mable akasema, kichwa chini. "Nimeiwekea maua."

"Basi mzee hajakataa kusema. Anasemea kwenye boksi ambalo halipo. Maneno ya mwimbaji yanapitia katikati. Nyinyi mligawana, lakini nani aliambia mashine? Bado inamwekea huyo wa katikati fungu lake."

Akashika rimoti, akaingia kwenye mipangilio. Boksi la katikati: halipo. Ya nyuma: hayapo. Mawili ya mbele akayaandika kuwa madogo, ili sauti nzito iende kwa sabufa. Kisha sabufa lenyewe akalipunguza, Arnold akinung'unika.

"Mama yako anataka kusikia mtu," akamwambia, "si lori za mpakani."

Akaanzisha upya. Kikasikika kikohozi. Kisha Odoi mwenyewe, kabla hata ya zeze: "Auma, usinitafute kwa majirani. Niko Tororo tu, narudi."

Siku ile ya kurekodi alikuwa ametoroka bila kuaga. Auma alicheka kwanza, machozi yakaja baadaye. Wajukuu wakasogea karibu na maboksi. Nathan akavua kofia. "Ni yeye," akasema.

Wimbo ulipokwisha Mable akamfuata Awor. "Jumapili narudisha boksi."

Awor akavua futi shingoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akamwekea mkononi pamoja na rimoti.

"Ukiirudisha, iambie mashine kwamba ile ya katikati imerudi. Usipoiambia, haitaipa kitu. Itakuuliza umbali. Pima kutoka boksi mpaka kiti cha mama yako, si kiti cha Arnold. Mimi sitakuja. Hiyo kazi ni yako."