Kofia Niliyoiacha Msumarini

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile baba yangu alipoivua kofia yake akanikabidhi niende nayo Kipalapala, nami nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango nikaondoka bila hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bibi mzaa mama, aliyekuwa akiishi kwetu mjini Tabora, alikuwa amefariki alfajiri, na mimi nilitumwa kwa baiskeli kuwaita wajomba zangu waliokuwa wakilima karibu na seminari ya huko. Baba ndiye aliyekuwa akitangaza misiba ya ukoo wetu. Kila alipomtuma mtu, alimpa ile kofia yake iliyoshonwa kwa mkono yenye nakshi za rangi ya kahawia, ili huko aendako waione na wajue kwamba habari imetoka kwake. Mimi niliona soni kuzunguka na kofia ya mzee. Nikajiambia, wajomba si wananijua?

Walinijua mno, na hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa mcheshi wa kupindukia, mtu wa kumwambia shangazi kwamba mbuzi wake kagongwa na gari ili nicheke anavyokimbia. Nilipofika shambani nikasema bibi amefariki, mjomba mkubwa aliegemea jembe lake akanitazama.

"Rajabu, leo umekosa kabisa la kusema?"

Nikalia mbele yao. Wakasema siku hizi hata kulia nimejifunza. Mwishowe walimtuma mtu wao mjini kuhakikisha, na yeye aliporudi mbio kuwaita, sisi tulikuwa tumeshatoka na jeneza. Walitukuta njiani kuelekea makaburini. Mama yao waliwahi kumzika, lakini uso wake hawakuuona tena.

Baba hakunipiga. Jioni aliniita uani, kofia ameiweka mapajani, akaniambia, "Habari ya kifo huipeleki kwa maneno matupu, Rajabu. Mtu anaposikia amefiwa akili inaruka, kwa hiyo unampa kitu cha kushika, ajue si uongo. Wewe ukaona nakubebesha kitambaa." Nikamwomba radhi. Nilidhani nimemwelewa.

Miaka ikaenda. Baba akafariki, kazi ya kutangaza misiba nikairithi mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, na kofia ikaishia sandukuni. Nani tena abebe kofia wakati simu ipo? Tulikuwa na kundi la ukoo kwenye simu, watu wa Tabora, Sikonge, Ipole, mpaka Dar es Salaam. Niliandika mstari mmoja tu na watu wakafunga safari. Nakiri mwanangu kwamba nilijisikia mkubwa. Baba alichokihangaikia kutwa nzima, mimi nilikimaliza huku nimeketi kwenye cherehani yangu.

Sasa nikueleze kuhusu Pazi. Huyu ni Mzaramo, alifanya kazi reli hapa Tabora miaka mingi, kisha akastaafu akarudi kwao Kisarawe. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ulianza tangu mababu walipobeba mizigo kwenda pwani na kurudi kwa miguu, na mimi na Pazi tuliutumia mpaka watu wakatuchoka. Yeye alinitangazia kifo mara tatu ningali hai. Mimi niliwahi kumpelekea sanda kwenye sherehe ya kustaafu kwake, na akaivaa.

Basi asubuhi moja, miaka michache iliyopita, akanipigia. "Mtani, wameniibia akaunti yangu ya meseji. Mtu yumo ndani anaandika kwa jina langu. Akikuandikia usimjibu."

Nikacheka. "Mwizi gani huyo mwenye njaa mpaka aibe kwa Mzaramo?"

"Rajabu, leo sitanii."

"Hata siku ya sanda ulisema hivyo."

Akakata simu amekasirika, na mimi nikaona amecheza vizuri. Haikupita saa moja meseji ikaingia kwa jina lake na picha yake: "Nimekosea nikatuma namba sita kwenye simu yako, nitumie haraka." Nikasema, ahaa, Pazi huyo, sasa anaigiza mwizi mwenyewe! Nikamwandikia, "We mwizi, ukishanizika utanipa nini?" Akajibu, "Nitakula nyama yote ya matanga, leta namba." Kumbe mwizi alinifuata tu nilikomwongoza. Utani nilimfundisha mimi, kwa mkono wangu. Nikatazama simu, kweli namba sita zimeingia, na chini yake imeandikwa kwa Kiswahili kabisa kwamba nisimpe mtu yeyote. Nikazituma huku nacheka peke yangu, mteja niliyekuwa nampima kanzu akaniuliza kulikoni.

Simu ikanifungia nje papo hapo. Namba sita zile zilikuwa ndizo ufunguo wa akaunti yangu. Huo ndio udukuzi ulionipata mimi. Nilikuwa nikisikia neno hilo nawaza vijana wa ng'ambo ya bahari wenye kompyuta kubwa, wanaovunja vitu nisivyovijua. Kwangu hakuvunja mtu chochote. Aliomba, nikampa.

Dada yangu mkubwa, Kalunde, niliyeishi naye nyumba ile ile ya baba, siku zile alikuwa anaumwa kifua, na watu kwenye kundi walikuwa wakimuulizia hali kila siku. Mwizi akayasoma hayo. Mchana ule akaandika kwa jina langu kwamba dada Kalunde ametutoka, na rambirambi zitumwe kwenye namba fulani. Watu wakatuma. Hiyo haikuniuma sana. Iliyoniuma ni kumwona Mwajuma, binti pekee wa Kalunde, aliyeolewa Ipole kwa mfuga nyuki, akishuka kwenye pikipiki alasiri, kanga imemdondoka mabegani, anapiga mayowe toka barabarani, akamkuta mama yake ameketi mkekani anakunywa uji.

Kalunde, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakohoa. "Mmekuja kunizika na uji sijaumaliza?" Mwajuma hakucheka. Alinigeukia akasema, "Mjomba, mimi nilishakufa njiani."

Nikashikwa na aibu ambayo sijawahi kuiona. Mama mmoja fundi simu pale sokoni aliniambia nitulie. Alisema mwizi ameweka namba yake ya siri juu ya akaunti, lakini laini ni yangu, nikisubiri siku saba nitairudisha, na kwa sasa nimpigie kila mtu wa ukoo, mmoja mmoja, wanisikie kwa sauti. Sikumsikiliza. Nilitaka aibu iishe siku ile ile. Nikaivunja ile laini, nikanunua mpya, nikawaandikia ndugu meseji fupi kwamba hii ndiyo namba yangu sasa. Hebu fikiri, mwanangu! Watu wametoka kutapeliwa kwa jina la Rajabu, na sasa namba wasiyoijua inawaambia mimi ndiye Rajabu. Wengi waliifungia. Mwajuma naye aliifungia, na mimi sikujua.

Miezi miwili baadaye Kalunde alifariki, mapema, baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikaandika kwenye simu kwamba dada yetu ametutoka, na majibu machache yaliyorudi ni haya: "Karudi tena." "Mwizi wewe, safari hii tafuta jina jingine." Mmoja alituma picha ya kicheko. Nikampigia Mwajuma, haikupita. Kalunde hakuwa na simu, nikaazima ya jirani, akapokea.

"Mwajuma, ni mjomba wako. Mama ametutoka."

Akasema, "Mungu atakulipa wewe," akakata. Nikapiga tena, akakata. Nikapiga tena, akawa amezima.

Mwanangu, nilisimama uani pale pale baba aliponiita na kofia mapajani, na nilitamani angekuwepo anipige.

Saa zilipita nikihangaika, mpaka mchana nilipopata namba ya mwenye duka wa Ipole, mtu asiyekuwa wa ukoo, asiyejua chochote kuhusu mambo yetu. Akaenda kwa miguu mpaka kwao, akamkuta Mwajuma ameshika kazi zake za asali, akambembeleza ampigie imamu wetu. Imamu akamthibitishia, akakubali kusubiri. Tulisogeza mazishi mpaka baada ya alasiri, na mwili haungeweza kungoja zaidi. Kaburini tulikuwa wachache, nikaanza kuwahesabu nikaacha. Dada aliyekuwa akipikia misiba ya watu wote wa mtaa alizikwa na majirani tu.

Mwajuma alifika tukinawa mikono. Alienda moja kwa moja kaburini, akaweka kiganja kwenye udongo uliokuwa bado mbichi. Alipoinuka hakunilaumu, na hilo mpaka leo linanilemea. Alisema tu, "Mjomba, sauti yako niliijua. Niliijua kabisa, nikasema mwizi kajifunza mpaka sauti."

Basi nakuomba, mwanangu, usiyachukulie haya kama hadithi ya mzee mjinga wa simu. Namba inayoingia kwenye simu yako bila wewe kuiomba ni mtu anayehangaika na kitasa cha mlango wako, usimpe yeyote, hata akiandika kwa jina langu. Nenda leo kwenye simu yako uweke ile namba ya siri ya pili, ambayo mwizi hataipata hata akizinasa zile sita. Mtu akikuambia ameibiwa akaunti, mwamini hata kama ni mtani wako, na ukitaka kumtania subiri kesho. Na kama una duka, una ofisi, una wateja wanaoagiza kwa simu kama wangu wa kanzu, usitumie neno la siri moja kila mahali, usichomeke kwenye kompyuta flashi usiyoijua ilikotoka, na vitu vyako weka nakala pengine, mbali na hiyo mashine. Ukiibiwa, sema siku hiyo hiyo, kwa sauti, kwa kila mtu, hata kama unaona haya. Mwizi alinichukulia jina kwa siku moja, ila aliyelizika ni mimi, nilipoona haya kupiga simu.

Kofia ya baba nimeitoa sandukuni. Ukoo wetu sasa una swali, na habari yoyote nzito ikija kwa simu, anayeipokea anauliza kwanza. Swali linahusu hiyo kofia, na jibu halijaandikwa popote, wala wewe sikuandikii. Pazi analijua, nilimnong'oneza mwenyewe alipokuja matanga, naye akalirudia polepole sikioni mwangu, bila utani.

Mwajuma hunipigia kila Ijumaa. Zamani alianza na shikamoo. Sasa, hata anapotaka tu kujua kama nimekula, huniuliza swali kwanza, anangoja nijibu, ndipo anasema, "Shikamoo, mjomba," nami naitikia marahaba. Ananipenda, najua. Ila ule muda mfupi anaponingoja nithibitishe kwamba mimi ni mimi, kila Ijumaa naupata, na nimeustahili.

Mungu akulinde na jina lako, mwanangu. Na siku utakapolazimika kuwaita watu wako kwa jambo la kweli, akujalie waje wote, na wafike mapema.