Inggih ya Pak Gimin

Klaten nzima, mji wetu huku Java, hakuna fundi anayeijua ile Linux ndogo, programu endeshi iliyojificha ndani ya visanduku vya runinga, kuliko Bu Retna, yaani Mama Retna, na mwenyewe hachoki kukukumbusha. Miaka kumi na minne amekaa kwenye meza ile ile, bisibisi nyuma ya sikio. Kwa mashine hakosei. Kwa watu ndiyo kazi.

Jumanne moja Pak Gimin, yaani Mzee Gimin, mpiga ngoma mstaafu wa kundi la gamelan, muziki wetu wa patu na ngoma, alimletea kisanduku chake cha kuchezea muziki. Kila kikiwashwa kinakwama. Bu Retna alikiunganisha na runinga ya dukani, akasoma maandishi yaliyokuwa yakishuka, akaguna.

"Diski imevurugika, Pak. Dawa yake ni kuifomati, na nikiifomati vyote vilivyomo vinafutika. Umeshanakili vitu vyako kwingine?"

"Inggih," akasema Pak Gimin, kichwa ameinamisha.

"Kwa hiyo nifute?"

"Inggih, Bu. Inggih."

Sasa, inggih ni ndiyo. Lakini sisi Wajava tuna inggih ya kukubali, inggih ya nimekusikia, na inggih ya kumwonea haya mtu wa elimu usije ukamwambia hujaelewa hata neno moja. Bu Retna analijua hilo vizuri. Mama yake mzazi alimwitikia muuza magodoro inggih, inggih, mpaka akaletewa magodoro matatu. Ila siku hiyo tempe yake ya moto, soya ya kukaanga, ilikuwa inapoa pembeni, naye ana njaa. Akabonyeza.

"Samahani, Bu," Pak Gimin akauliza taratibu, "ukishamaliza, Sulasmi utamrudisha palepale alipokuwa?"

"Sulasmi gani?"

"Marehemu mke wangu. Alikuwa mwimbaji wetu. Sauti yake yote imo humo, namsikiliza kila asubuhi."

Bu Retna aliruka akachomoa waya ukutani.

"Pak Gimin! Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza, Bu."

"Ukasema inggih!"

"Inggih," akajibu mzee wa watu, macho yamemjaa machozi.

Hasira zikamwisha palepale, ikabaki aibu. Kosa lilikuwa lake, na alijua. Alifungua kisanduku, akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kuanzisha programu ya kuokoa vilivyofutwa. Alijiambia kwamba kufomati kwa haraka hufuta orodha tu, nyimbo hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alijiambia hivyo mara nyingi. Tempe ikapoa kabisa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa.

Ndipo faili la kwanza likajitokeza, halina jina, namba tupu. Bu Retna akalifungua. Ukasikika mlio wa upatu, kisha mwanamke akakohoa kidogo, kisha akaimba.

Vidole vya Pak Gimin vikaanza kupiga ngoma juu ya goti. "Huyo," akasema. "Lazima akohoe kwanza."

Bu Retna alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Alicheka, akajifuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia vioo, akacheka tena. Nyimbo sitini na tatu zilirudi, na majina hata hayakuwa na maana tena, kwa kuwa Pak Gimin alizitambua zote kwa kikohozi.

Bu Retna alizinakili kwenye diski nyingine mbili. Kisha akairudisha ile ya kwanza kisandukuni.

"Haya, Pak. Sasa naifomati upya. Nifute?"

Pak Gimin akafungua mdomo, neno likiwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Mboten," akasema. Hapana. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. "Nionyeshe kwanza alipo."

Bu Retna hakukasirika hata chembe. Alichomeka diski ya pili, akaucheza wimbo, wakamsikiliza Sulasmi mpaka mwisho. Akachomeka na ya tatu. Sulasmi akakohoa.

"Sasa je, Pak?"

"Sasa inggih."